Kwa Mhunzi wa Mersia

Mhunzi, nyundo iweke,
patasi usiishike,
moto wako usiwake:
nina neno la moyoni.

Hidila aliivua,
theluji yafika pua
ya farasi. Alijua
nilivyo kwenye madeni.

“Sasa ni wangu,” kanena,
kaikaza, ikabana;
nikalala kama mwana
wa mbwa, ubavu motoni.

Kisha vita vya kivuko.
Wigheri bado yu huko,
kashika lake tamko
na bwana wake topeni.

Nilibaki na farasi
ishirini, nyuma, basi.
Sikukimbia kwa kasi:
nilitembea, jioni.

Mkewe aliniona,
hakulia, hakunena,
akatazama tu sana
bangili hii mkononi.

Sasa huyu mtawala
atulisha, tunalala;
bangili zote jumla
kaamuru: tanuruni.

Mikuki yake ni mia,
na vijana waingia
kuahidi, kuapia,
safu hadi mazizini.

Nimeivuta kwa mate,
kwa mafuta, nisipate;
nyama imeila yote,
imezama kiwikoni.

Ukikata, kata pole,
alama ibaki vile,
mpya uivishe pale.
Yako ulitoa lini?