Nyota Ndani ya Bomba

Mzee Likwata kaja na baiskeli anaikokota.
Shingo imelegea: usukani unageuka,
gurudumu linafikiria kwanza.

Nimefungua. Nyuzi za bomba zimelika,
zimekuwa laini kama ukingo wa kata.
Miaka ishirini na mbili ya kupanda kutoka Kitangari
na madumu manne, mawili kila ubavu.
Hapa Newala maji yana uzito wake,
muulize mwenye baiskeli.

"Kaza nati, basi."
Nati itakaza nini, mzee?
Nati nayo inataka pa kung'ata.

Ninayo foku moja, imetoka Mtwara mjini
kwenye rundo la mitumba niliyopimiwa kwa kilo.
Bomba lake halina uzi hata mmoja.
Mzee akalipapasa, chini mpaka juu.
"Hii," akasema, "hawakuimaliza."

Vikombe nimeviacha vile vile.
Gololi nimeziosha kwa mafuta ya taa;
moja ilikuwa na ufa, nikakopa kwa Nambute,
ambaye hasahau.
Bomba nimelipima mara tatu kabla ya msumeno,
maana kilichokatwa hakirefuki.
Pete za kujazia sikuwa nazo,
nikazikata kwenye mlingoti wa antena
ya televisheni iliyokufa zamani.

Halafu ile nyota.
Kidude cha chuma, ncha zake zimekunjwa kwenda juu.
Unakigonga ndani ya bomba, kinazama kikikwaruza,
na kikishaingia hakirudi.
Hakuna atakayekiona tena.
Boliti ya juu itang'ata humo.

Chilumba, kijana wangu, akakimbilia boliti za ubavuni.
Nikamshika mkono. Fundi aliyenilea, kule Masasi,
hakuwa na kitabu, alikuwa na hili:

*Ya juu kwanza vutia, za ubavu subiria,
gololi zikitulia, ndipo hizo kukazia.*

Ya juu haibebi kitu, inavuta tu.
Ikishavuta na za ubavuni zikashika,
hata ikidondoka njiani utafika nyumbani.
Nilikuwa na baba mdogo wa namna hiyo.

Nikabana breki ya mbele, nikasukuma, nikarudisha,
kidole kwenye kiungo. Hapagongi.
Nikainua shingo, nikaachia:
usukani ukalala kushoto wenyewe, polepole,
kama mtu aliyekuwa na usingizi wake tangu mchana.

Mzee hakusifu. Alizunguka stendi mara moja,
akalipa nusu, akaomba nati yake ya zamani.
"Ya nini, imekwisha?"
"Ni yangu."

Jumapili nikapita kwake kufuata ile nusu.
Nati ilikuwa jikoni, juu ya kifuniko cha sufuria ya kunde,
imekikalia, mvuke unahangaika pembeni.
Uani madumu manne, yote yamejaa.
Pesa, akasema, wiki ijayo.