Asubuhi Ile Uji Haukupikwa

Tulirudi Newala mwezi wa saba, kwenye baridi ileile
inayopanda usiku kutoka bonde la Ruvuma
na kuingia kitandani bila kubisha hodi.
Wanawake thelathini na mmoja. Magari yalibaki nje,
maana mlinzi, kijana asiyetujua, alisema
wageni hawaingii na magari bila kibali,
na Tekla Nandonde, ambaye akiingia wizarani watu husimama,
alicheka, akavua viatu, akatembea.

Ndiyo, tumekuwa watu.
Philippa hufungua vifua vya watoto na kuvishona.
Esha Mpelumbe anarusha ndege; akipita juu ya mikorosho yetu
hupunguza sauti ya injini. Anasema yeye, si mimi.
Somoe Likwata alisimama mbele ya mizani ya ghala
mpaka karani akakumbuka kilo alizozisahau.
Mimi ni jaji. Miaka kumi na minne nasikiliza watu
wakiniambia hawakuiba.

Basi leo nisikilizeni mimi.

Kidato cha pili, bomba la Mitema liligoma wiki tatu.
Kila msichana na ndoo yake, kila ndoo na namba,
kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye madirisha.
Ndoo moja, siku mbili: kunywa, kuoga, kufua, kutawadha.
Yangu ilikuwa kumi na saba. Ilikuwa na ufa
niliouziba kwa utomvu wa mkorosho,
utomvu ulioshika pale tu ulipotaka.

Usiku mmoja niliamka shuka limelowa.
Nilikuwa nimechezwa unyago, nimefundwa kwa ngoma na mafumbo,
lakini gizani somo na nyimbo zake walinikimbia,
nikabaki mtoto mwenye damu mapajani.
Nilitaka maji. Maji tu.
Nikaenda jikoni, kwenye pipa la uji wa asubuhi,
nikachota. Nikarudi. Nikafua kwa vidole,
meno yakigongana, kwa baridi au kwa hofu, sijui.

Asubuhi ile uji haukupikwa.
Wasichana mia mbili na themanini, vikombe mikononi.
Kando ya pipa palikuwa na ndoo namba ishirini na tisa,
ya Sikudhani Mnalika, aliyekuwa zamu ya moto.
Aliulizwa mara tatu. Mara tatu alitazama chini.
Akapiga magoti kwenye kokoto, kengele hadi kengele,
siku tatu. Nami nilipita karibu yake
nikiwa na daftari la Uraia kifuani.

Leo Sikudhani ni mkandarasi. Lami iliyotuleta
kaimwaga yeye. Alipokuwa akisifiwa jukwaani alisema,
"Mimi na kokoto tunafahamiana tangu zamani,"
ukumbi ukacheka, nami nikatazama chini.

Nilimfuata nyuma ya bweni. Nikaanza, "Lile pipa..."
Hakuniacha nimalize.
"Ndoo yako ilikuwa inavuja, wewe.
Niliamka saa kumi kuwasha moto, nikaona matone
kwenye vumbi, toka jikoni mpaka kitanda chako,
na shuka moja peke yake kwenye kamba.
Nani asiyelijua shuka la saa kumi?
Nikachukua ufagio."

Ufagio!
Miaka yote nilidhani niliponea giza.

Nikamwambia, nihukumu.
"Jaji ni wewe," akasema. "Mimi nina njaa."
Ming'oko ilikuwa mezani, imechemshwa na maganda yake,
chumvi na pilipili kwenye kisahani.
Hakusema amesamehe. Sikuthubutu kuuliza.
Goti lake la kulia, niliona, halikunji vizuri.

Nikaenda bombani, ambako siku hizi maji yanatoka,
nikaazima ndoo ya mtoto wa kidato cha kwanza
ili nimnawishe mikono.
Nayo ilikuwa na ufa.
Nilivuka uwanja mzima, matone yakinifuata nyuma,
wote wakitazama,
na hakuna aliyefagia.