Unipoti Namba Kumi na Nne

Tulitoka Adjumani na shuka mbili na feni.
Feni! Kyarisiima wa unipoti ya jirani alicheka
mpaka akakaa chini kwenye umande.
Hapa Kabale, alisema, upepo hatununui.

Nyumba ya polisi ni bati tupu, la duara,
kama sufuria iliyofunikwa na mtu
akasahau kuwasha moto.
Haina kona. Baridi, kwa kukosa pa kujibanza,
inakaa katikati pamoja nasi.

Saa kumi usiku bati linatokwa jasho.
Pumzi zetu sisi wanne, zilizopanda zikiwa na joto,
zinarudi matone:
moja shingoni mwa Vuciri,
moja kwenye sare ya baba yake msumarini,
moja kwenye unga.
Nilijifunza kuyahesabu badala ya kulala.
Usiku wa tatu wa Julai nilifika mia mbili na kumi.

Tuingize sigiri, nikamwambia Amandu.
Hakujibu. Alikuwa anafungua kamba za buti,
akaziacha nusu.
Asubuhi ile ndiye aliyetumwa kuvunja mlango
wa kontena la mlinzi, kule kwenye ghala la viazi.
Sigiri katikati. Makaa yamekwisha kuwa majivu.
Mtu amelala ubavu, hana jeraha,
blanketi limechomekwa vizuri miguuni.
"Na ndani," akasema Amandu,
"ndani mlikuwa na joto zuri."

Sigiri yetu inalala nje.

Basi Kyarisiima akanifundisha ukuta.
Kwanza maboksi ya sabuni, yaliyopasuliwa yakalala bapa.
Juu yake magunia. Juu yake mkeka wa mafunjo
ambao bado unanuka bwawa.
Chini, pale bati linapokutana na saruji,
matambara, kwa kisu, kama anayeziba mtumbwi.
Na juu ya vyote karatasi, tabaka kwa tabaka,
kwa uji wa mtama uliokataa kuwa bushera.

Karatasi alileta Amandu kutoka kituoni,
mafaili ya zamani yaliyokuwa yanangoja kuchomwa.
Bandika, akasema, usisome.

Nikasoma.
Mbuzi watatu wa Kagarama wako juu ya mlango.
Ugomvi wa mpaka umezunguka dirisha,
nao bado haujafika mwisho, maana duara halina mwisho.
Mwanamume aliyeng'atwa sikio kilabuni
anamkinga mwanangu mdogo na upande wa Rwanda.
Na kichwani pangu, usawa wa mto,
ni mwanamke. Jina limelowa, halisomeki.
*Nilisikia mlango ukigongwa mara tatu,* anasema,
*nikamtambua kwa kikohozi. Sikufungua kwa sababu*

Ukurasa wa pili sikuupata.
Nilipekua gunia zima nikiwa na uji viganjani.

Agosti akaja afande wa ukaguzi, na fimbo yake.
Akagonga ukuta. Bati lililozoea kulia kama kengele
likasema: dup.
Akagonga tena, mahali pengine. Dup.
"Nani amebadilisha mali ya serikali?"
Amandu alikaza magoti, akatazama mbele,
akawa mlingoti.
Afande akainama kuingia, akavua glavu moja,
akaweka kiganja juu ya mbuzi wa Kagarama
akakiacha pale, muda mrefu kuliko inavyotakiwa
kwa mtu anayekagua.
"Ondoeni," akasema.
Kisha, akiwa tayari nje, bila kugeuka:
"Kabla ya Oktoba."

Matone yamekoma. Vuciri anakoroma kama mzee.
Mimi nimebaki na mazoea ya kuamka saa kumi,
na kwa kuwa hakuna cha kuhesabu
naweka kidole kwenye sentensi ile, gizani,
pale karatasi ilipochanika.
Kuna usiku namwachia anyamaze.
Kuna usiku naimalizia mimi:
kwa sababu alikuwa amelewa.
Kwa sababu watoto walikuwa wamelala.
Kwa sababu ndani palikuwa ndio kwanza
pameanza kupata joto.