Mzigo wa Mkononi

Kwako Eulogio, Tampa.

Leo saa nne Msomaji alipanda kwenye kiti chake cha juu,
akaweka kando riwaya
(tulikuwa karibu kumjua aliyemuua mjane),
akafunua gazeti, akakohoa mara mbili.
"Vikwazo vimelegezwa," akasema.
"Msafiri arudiye kaskazini
ana ruhusa kubeba sigaa, na ramu pia,
mradi ni za matumizi yake, si za kuuza."
Vichwa mia vikainuka. Mikono haikutua.
Mikono yetu hulipwa kwa idadi, kaka,
haina wasaa wa kusikiliza.

Kisha tukagonga vibao kwa visu vyetu,
ko, ko, ko, ndiyo makofi ya hapa,
na Yusimí wa meza ya nyuma akapaza sauti:
"Vimelegezwa kama mkanda baada ya kushiba,
au kama kitanzi, ili mtu aseme neno la mwisho?"
Tukaangua kicheko. Msimamizi naye akacheka,
halafu akakikumbuka cheo chake.

Nimepiga hesabu kwa ukucha juu ya meza.
Sigaa nne nilizosokota kabla ya kahawa,
huko kwenu, dukani,
ni mshahara wangu wa mwezi.
Sasa zitasafiri mchana kweupe, zimevaa pete,
zimelazwa kati ya soksi na kitambulisho cha mtu.
Mimi nitabaki na harufu.
Harufu haitozwi ushuru.

Mtaani kila mtu keshakuwa tajiri wa kesho.
Ubaldo amepaka chumba cha mbele rangi kwa ajili ya wageni,
kijani cha hospitali, usiulize kaipata wapi.
Mwanawe anawauzia watalii sigaa za uchochoroni,
ndani majani makavu ya mgomba,
na anawaapia kuwa zilisokotwa juu ya paja la bikira.
Nina miaka hamsini na minane, Eulogio.
Nasokotea juu ya ubao.

Osmany wa ghala la ramu ndiye pekee asiye na pupa.
Kila mwaka, anasema, pipa hupungua kidogo:
ramu hupenya mbao, hupanda juu, huenda zake.
Hilo wanaliita fungu la malaika.
"Na hilo limevuka bahari miaka yote hii," anasema,
"bila kuomba viza."
Serikali mbili zikinuniana,
yenyewe ilikuwa imelala gizani, inaiva.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi,
tulifundishwa hivyo.
Hakuna aliyetwambia
fahali wakipatana watakula nini.

Halafu usiku ukapiga simu. Nilidhani unashangilia.
"Nimekwisha, Nereida," ukasema.
Miaka thelathini umeuza sigaa za Honduras,
ukiinama juu ya kaunta, ukishusha sauti:
mbegu yake ni ya kule, unanielewa, ya kule.
Nao walielewa. Walilipia ule mnong'ono.
"Sasa watavuta ya kweli, walinganishe.
Nitawauzia nini?"
Nilicheka, nisamehe. Nilicheka hadi simu ikakatika
na salio langu likaisha.

Basi njoo. Beba begi tupu.
Nimekuwekea moja, nimeifunga kwa kitambaa chenye unyevu,
jani la shamba la mjomba Casimiro,
la msimu ule mama alipofariki nawe hukupata kibali cha kuja kuzika.
Haina pete, haina jina.
Hiyo usiibebe. Tutaivuta juu ya paa, kwa zamu,
na Osmany ataleta kile alichowaibia malaika.

Ila usingoje Desemba.
Kilicholegezwa kwa kalamu hukazwa kwa kalamu,
na wino, kaka, haujakauka
upande wowote.