Soli ya Kushoto

Kocha Eliakunda alikuja na mfuko wa salfeti,
akaumwaga mbele ya kibanda changu pale Mbuyuni:
daluga kumi na saba.
Nilihesabu mara mbili.
Mama, nikamwambia, miguu ya binadamu huja miwili miwili.
Akacheka. Kuna mmoja anacheza na daluga moja,
mguu wa pili ana raba ya shule.

Sikuitaka kazi ile. Kazi ya timu ya watoto ni kazi ya ahadi,
na ahadi hainunui uzi.
Lakini mvua ya Aprili ilikuwa imefukuza wateja,
mlima umejifunika tangu Jumapili
(nao una siku zake za kutotaka kuonwa),
nikashika msharasi.

Mimi si msomaji. Nasoma soli.
Kisigino kikilika nyuma, mwenyewe ni mtu wa haraka.
Kidole kikitoboa mbele, mtoto amekua na hajasema nyumbani,
anaogopa kutajiwa bei.
Ya tatu ilikuwa na pini ya nywele ndani.
Ya tano, sarafu ya mia mbili chini ya kitambaa,
akiba ya mtu; nikairudisha palepale.
Ya tisa nikaiweka chini.

Nikaiinua tena.
Upande wa nje, chini ya kidole kidogo,
imelika mshazari kama kipande cha mwisho cha sabuni ya mche.
Mguu wa kushoto.
Nimekuwa nikiziba pale tangu viatu vyake vya bluu
vya kwendea chekechea,
kila muhula kiraka, kila muhula palepale.
Hakuna mguu mwingine Moshi nzima unaokula soli hivyo.

Nakijwa.
Ambaye nilimkataza kwa kinywa changu, mwezi wa pili,
mbele ya mama yake na sufuria ya makande:
mpira haupiki, mpira haufui,
nani atakuoa na goti bovu?
Ambaye kila Jumanne na Alhamisi yuko kwaya.
Nami nikijisifu kwa majirani, binti yangu kwaya haikosi.

Nilikaa na kile kiatu pajani
kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.
Hasira ilikuja, ndiyo. Ikakuta mikono ina kazi.
Mshono wa kwanza niliuvuta kwa hasira,
wa pili vivyo hivyo,
kufika wa sita naangalia tu kama umenyooka.
Chini ya kidole kidogo nikaweka raba ya tairi, mara mbili.

Nyumbani sikusema kitu.
Jumamosi nilifunga kibanda mapema, nikashuka Pasua kwa miguu,
nikasimama nyuma ya goli, mahali pa wazazi,
ila wazazi hawakuwapo:
mama mmoja tu na beseni la vitumbua,
na mbuzi wawili, mabeki wa ziada.

Binti yangu nyumbani hunong'ona akiomba chumvi.
Pale alikuwa anapaza: Toka! Nyuma yako! Wangu huyo!
na wasichana kumi wanamsikia, wanahama.
Sikujua ana sauti ya ukubwa ule.
Labda kweli ilikuwa kwaya.

Walifungwa mbili bila. Asikudanganye mtu.
La pili aliteleza yeye (soli haikuachia, niliikagua, ni tope).
Akaja hadi mstarini kuufuata mpira, akaniona.
Akatazama chini, kwenye kiatu.
Akakanyaga mara mbili, pale penye kiraka,
kama mtu anayebisha hodi.
Hatukusema neno. Mpira ulikuwa unasubiriwa.

Sasa jirani zangu wa Pasua, wa Njoro, wa Majengo,
mimi siwaahidi kombe wala gari.
Nasema nyuma ya goli kuna nafasi tele,
Jumamosi saa tisa na nusu, bila kiingilio.
Na ile daluga ya kumi na saba bado haina mwenzake:
namba thelathini na saba, mguu wa kulia.
Kama unayo chini ya kitanda, ilete kibandani.
Sitatoza.