Kikojozi

Jina hilo nilikupa mimi, Somoe,
msimu wa korosho, mbele ya wenzio.
Nikauanika mkeka wako njiani
Mnyambe nzima ipite iuone.
Ndoo ya maji mia tano, nikafoka,
nani atakufulia kila siku?

Leo siku ya nne hujakojoa.
Ulianza kuhara, macho yakazama,
bibi yako akachemsha mizizi,
mimi nikakubana pua ukanywa.
Hilo nimemwambia daktari mara moja,
kwa sauti ndogo.
Hakunigombeza. Aliandika.

Uso umeumuka, kope hazifunguki,
nikikubonyeza mguuni kidole kinaacha shimo
kama kwenye unga wa muhogo.
Figo zimesusa, wanasema.
Mimi figo nilizijua za mbuzi,
kipande cha mgeni.

Mashine ipo Dar, ya watu wazima:
damu yako yote ingeishia kwenye mipira yake.
Basi muuguzi Ekonia kaning'iniza dripu,
mpira umeingia chini ya kitovu,
maji yanaingia, yanakaa, yanatoka,
naye anaandika, tochi ya simu kaiuma kwa meno
maana umeme umekatika tena,
hapahapa Mtwara kwenye gesi.

Unaomba maji.
Nimekulia uwandani kusiko na kisima,
nimepanda na ndoo kutoka bondeni shingo ikilia,
na leo bomba liko hatua kumi
nimekatazwa kukupa.
Nalowesha pamba. Nakupaka midomo.
Unaing'ata pamba.

Mama wa Nanyamba, kitanda cha dirishani,
alikunja kanga zake alfajiri.
Hatukuagana.

Kila saa Ekonia anauliza: Chochote?
Bado.
Chochote?
Bado.

Saa tisa usiku napitisha mkono chini yako
kama nilivyokuwa nikipitisha kwa hasira.
Joto. Unyevu.
Mpira umevuja, nasema, mpira umevuja!
Ekonia anakuja mbio, anainama, ananusa,
mtu mzima na sare yake, ananusa shuka,
kisha anakaa chini sakafuni.
Mkojo, mama.

Kijiko kimoja. Labda viwili.
Daktari anasema tusishangilie,
damu itapimwa asubuhi.
Sishangilii.
Wamekuja na shuka kavu, nimewaambia wangoje.
Nimeshika pembe iliyolowa,
sijaiachia.