Eda ya Mtambo

Nilikuja Nachingwea na rasimu ya kurasa tisini na moja
na neno moja lililonishinda.
Kufunga? Duka nalo hufungwa, asubuhi likafunguliwa.
Kuzima? Huzimwa koroboi.
Kubomoa ni kazi ya nyundo, na humu nyundo ni haramu
kwa miaka mingi ya mwanzo.
Kustaafisha, alipendekeza Mhandisi Tweve, tukacheka:
mstaafu gani anayedaiwa kiinua mgongo?

Mtambo wenyewe haujajengwa. Hata kiwanja hakijachaguliwa.
Lakini sheria njema, nilifundishwa,
hupima kaburi siku ya kukata kitovu,
basi tukapanga viti vya plastiki ukumbini,
spika ikakoroma,
nikasoma Kifungu cha Kumi na Nne kwa sauti ya mahakamani:
*Mwenye leseni, baada ya kusitisha uzalishaji,
atauacha mtambo katika hali ya utulivu na uangalizi
kwa muda usiozidi miaka sitini.*

Mtu alipiga chafya. Feni ilizunguka.
Nyuma kulikuwa na mjadala wa bei ya mbaazi.

Ndipo akasimama Somoe Likanga, mnunuzi wa vyuma chakavu,
mizani yake iko njia ya Masasi,
kutu imemwingia hadi kwenye mistari ya viganja.
"Mimi ndiye mwisho wa mambo yenu," akasema.
"Trekta za mpango wa karanga, babu alizikata kwa msumeno.
Reli waliing'oa; kipande kimoja kimeshikilia mlango wangu
na hakuna treni iliyorudi kukiulizia.
Transfoma, mabomba, vitanda vya hospitali,
vyote hunijia usiku, havina karatasi.
Hicho chenu kikija, nitakijuaje?
Kina harufu?"

"Hakina," akasema Tweve.

"Kinachoma?"

"Si kwa namna ambayo mkono utajua."

"Basi hiyo sitini ni eda."

Ukumbi ukanyamaza vibaya.

"Moto ndiye mume. Amekufa. Mke kabaki ndani,
haguswi, hatoki, siku zinahesabiwa.
Mimi nimetoka eda Shaabani. Miezi minne na siku kumi.
Wakwe waliapa wataleta chakula.
Mwezi wa kwanza wali. Wa pili uji.
Wa tatu nilisikia sufuria yao ikikwanguliwa nyuma ya ukuta,
na mlango wangu haukubishwa.
Nyie mnasema sitini.
Sufuria iko kwa nani?"

Tweve akataja tozo: senti kadhaa kwa kila uniti ya umeme,
ziingie mfuko ambao mwenye leseni haugusi,
wala waziri, wala njaa ya bajeti.
"Unaanza lini?"
"Siku taa ya kwanza inapowaka."
"Na kampuni ikifa, mke yumo ndani bado?"
Tweve alifunua ukurasa, akaufunika.
Akanitazama mimi.

Usiku, gesti, neti ina matundu manne
niliyoziba kwa vipande vya tiketi ya basi,
nilikata *utulivu*. Niliandika:
dhamana iwekwe kabla moto haujawashwa;
kampuni ikifa, dola ndiyo mkwe;
alama ya hatari ichongwe kwenye chuma chenyewe,
si ubaoni, maana ubao ni kuni.
Na pembeni, kwa penseli: *eda*.

Asubuhi nilimkuta anapima gia za pikipiki.
Akataka kuiona hiyo alama.
Nikamchorea nyuma ya kitabu chake cha risiti,
mapanga matatu na kitone katikati.
"Feni," akasema.
"Ndiyo. Ila usiisogelee."
Akaichana, akaichomeka chini ya reli, juu ya mlango,
akarudi kwenye gia zake. Kilo nne na robo.

Rasimu imerudi kutoka Dodoma wiki hii.
*Eda* imepigwa mstari mwekundu: si istilahi.
Kuni wameifuta. Mkwe wamemfuta.
Kwenye *dola* hawakufuta kitu,
wameweka tu alama ya kuuliza.